Mlezi wa Vikambare vya Ulaya

Yoramu wa Kizota alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu alipokabidhiwa samaki. Nasema alikabidhiwa kwa sababu hakuwaomba, na kama angeulizwa angechagua mbuzi. Lakini kwa miaka ishirini hakuna mtu katika Ugogo nzima aliyempa mnyama amtunzie, hata kuku. Kwa hiyo Bwana Henke alipomwonyesha lile sanduku la vioo na kumwambia kwamba tangu leo kazi yake ni hii, Yoramu hakucheka kama walivyocheka wengine. Alivua kofia.

Bwana Henke alikuwa Mjerumani, mpima njia ya reli. Gari la moshi lilikuwa limefika Dodoma mwaka uliotangulia, na nyumba yake ilikuwa karibu na stesheni. Watu walimsema kwa mengi, ila zaidi walimsema kwa samaki wake. Aliwaleta sita kutoka kwao, melini na kisha garini, katika chombo cha kioo alichokipakata mwenyewe. Walikuwa wembamba kama mkanda, urefu wa kiganja, rangi ya tope, wenye ndevu mdomoni mfano wa kambare wetu. Ndiyo maana wakaitwa vikambare vya Ulaya. Walikuwa wagumu ajabu. Maji yakichafuka walipanda juu, wakameza hewa, wakarudi chini kulala mchangani. Bwana alisema kwao watu huwaweka nyumbani kwa sababu mvua ikikaribia huanza kuhangaika. Pamoja nao alitia perege wadogo aliowavua bwawani, wakakaa wote humo kama wapangaji wa nyumba moja.

Inafaa nieleze mapema kwa nini mtu mzima avue kofia mbele ya samaki. Kwa Wagogo, mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote katika zizi moja. Huwagawa kwa ndugu, kwa marafiki na kwa mashemeji, ili ukame ukipiga huku au wezi wakivamia kule, abaki na mbegu. Mlezi hunywa maziwa na kujivunia zizi lililojaa. Mwenye ng'ombe hubaki na ng'ombe wake. Sharti ni moja tu: mnyama akifa, mlezi hupeleka ngozi kwa mwenyewe, aione.

Yoramu alipokuwa kijana, kabla wamisheni hawajambatiza na kumpa jina ambalo mkewe Anyesi alichukua mwaka mzima kulizoea, alikuwa akilea ng'ombe kumi na wanne wa Malogo, kaka yake Anyesi. Ikaja sotoka. Kwa siku tano ng'ombe wale wakaisha, pamoja na wake mwenyewe, wengi wakianguka porini njiani kwenda kunywa maji, na fisi na tai wa mwaka ule hawakumwachia mtu kitu. Alikwenda kwa Malogo mikono mitupu. Malogo akauliza ngozi ziko wapi. Hazikuwapo. Malogo akatazama njia ya misafara, ambako wapagazi walinunua nyama kwa nguo na shanga, akajijibu mwenyewe kwamba wameuzwa huko.

Hakumshtaki wala hakumtukana. Alinyamaza tu, na ukimya wake ukaenea nchi nzima. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na tangu hapo kila aliyetaka kuwekesha mnyama alipita mlangoni kwa Yoramu kama hapaoni. Hilo lilimuuma kuliko njaa yenyewe. Sasa mgeni asiyejua habari zake alikuwa amemtia roho sita mkononi, na Yoramu aliapa kimoyomoyo kwamba atazirudisha zote sita.

Taabu ilianza mwezi wa pili. Yule mkubwa kuliko wote, ambaye Yoramu alimwita Fahali, alianza kuwafukuza wenzake wakati wa kula. Perege walipita mbele ya pua yake salama salimini. Aliwaandama ndugu zake tu, jambo ambalo hata sisi wenye miguu tunalijua. Mmoja alimbana pembeni, akamtafuna mkia na kumkwangua ubavu, mpaka Yoramu akamkuta amelala nyuma ya jiwe, ndevu moja haipo na mkia umebaki kigutu. Siku ya tatu jeraha likaota ukungu mweupe kama pamba.

Bwana Henke alitazama akasema huyo hatapona, na kwamba ugomvi wao waumalize wenyewe. Yoramu aliomba ruhusa ya kujaribu. Alimtenga mgonjwa katika bakuli lake peke yake, akampa jina la Kigutu, akakoroga chumvi ya Bahi katika maji kidogo kidogo, huku akionja kwa ulimi, mpaka ikawa kiasi cha machozi. Kila asubuhi alimchovya humo kwa muda mfupi, kisha akamrudisha kwenye maji safi. Alizungumza naye Kigogo, maana Kijerumani hakukijua, na Kiswahili alikiona ni lugha ya kazini. Baada ya wiki mbili ukungu ulikwisha, na Kigutu akaanza kupokea nyungunyungu vidoleni mwake.

Kumrudisha kwa wenzake ndiko kulikohitaji akili. Mfugaji anajua kwamba ng'ombe mgeni akiingizwa zizini peke yake atapigwa pembe. Basi Yoramu aliwatoa wote, Fahali naye, akapangua mawe na kuyapanga upya. Aliongeza vigae vya vyungu vilivyovunjika, saba kwa samaki sita, asiwepo wa kukosa pa kuingia. Kisha akawarudisha kwa pamoja ili wote wawe wageni. Chakula akakitupa pande mbili, kama mtu awekaye magadi mahali pawili ili fahali mmoja asiyahodhi. Amani ikarudi. Bwana Henke alikaa kitako akatazama, akaandika kitu katika daftari lake.

Mwezi wa nane Bwana aliitwa upande wa Tabora, reli ilikokuwa ikielekea. Alisema atarudi mvua zikianza. Alimwachia Yoramu ufunguo wa nyumba, na kwa kuwa hata Mjerumani mpole wa siku zile alikuwa Mjerumani, akamkumbusha kwamba bomani kuna hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kwa mtumishi mzembe. Yoramu akasema amesikia. Alichokiogopa si kiboko.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Kufikia mwezi wa kumi visima vilikuwa vinatoa tope, na wanawake walipanga foleni tangu alfajiri kwa mtungi mmoja. Yoramu hakuwa na uso wa kuwaomba maji ya samaki watu wenye watoto. Maji ya sandukuni yakashuka hadi nusu, vigae vingine vikabaki nje, na Fahali akaanza tena. Asubuhi moja Yoramu aliwakuta wawili wana michubuko, na Kigutu amejibana kwenye pembe, mkia wake unatoka damu upya. Fahali wawili hawakai zizi moja, husema watu, na hapa zizi lenyewe lilikuwa linakauka.

Siku hiyo alirudi nyumbani hakula. Anyesi alimuuliza mpaka akaeleza. Mama huyo hakuwa na subira na watu wanaokaa na jibu mfukoni.

"Ng'ombe wakilizidi zizi, watu hufanyaje?" alisema.

Yoramu alijua wanavyofanya. Lakini kuwekesha kunataka mtu wa kupokea kutoka mkononi mwako, na yeye kwa miaka ishirini hakuthubutu kumjaribu yeyote. Hata hivyo kesho yake alitoka na vibuyu. Fahali alimwacha sandukuni na perege wake, atawale maji yake nusu. Wawili wapole aliwapeleka nyumbani kwake. Mmoja alimpeleka kwa Mwajabu, mwanamke wa Kirangi kutoka Kondoa aliyekuwa akiuza asali stesheni. Mwajabu aliuliza tu kama samaki huyo anauma, alipoambiwa haumi akamtilia maji katika mtungi wake wa zamani. Wa tano alimpokea Nikodemo, mwalimu wa dini, ambaye aliahidi kumlisha na pia kumwombea. Hakuna aliyekataa. Yoramu alirudi ameduwaa, maana alikuwa amejiandaa kwa kukataliwa tu.

Akabaki Kigutu.

"Huyu anataka mtu anayejua wanyama hasa," alimwambia mkewe. "Na hapa kwetu yuko mmoja."

Anyesi alijitwika kibuyu akaenda kwa kaka yake Malogo, mwendo wa saa moja. Walichoambiana huko hakukisimulia hata siku moja. Alirudi mchana bila kibuyu, akasema Malogo amepokea, na kwamba yeye amemwagiza kaka yake afunike mtungi kwa ungo, kwa kuwa samaki hawa huruka.

Kwa wiki tano Yoramu alizunguka kwa walezi wake kama mtu mwenye mali. Kwa Malogo hakwenda. Habari za huko zililetwa na Anyesi. Mara Malogo ameuhamisha mtungi kivulini. Mara anamlisha Kigutu mchwa, mmoja mmoja. Mara amewagombeza wakwe zake kwa kuongea kwa sauti karibu na mtungi. Yoramu aliposikia hayo alicheka, na kicheko kikamshangaza mwenyewe. Mkia wa Kigutu ulikuwa umepona.

Mvua ya kwanza ilikuja mwisho wa mwezi wa kumi na moja, mchana wa jua kali. Kabla mawingu hayajafunga, wale wawili wa nyumbani walianza kuzunguka mtungini kama waliopandwa na mashetani. Yoramu aliuwekea mtungi kifuniko, akaketi akiwa ameweka mkono juu yake mpaka ngurumo zikapita. Nje wanawake walipiga vigelegele, na harufu ya ardhi iliyolowa ikajaa nyumba yote. Alifurahi. Mvua imekuja, Bwana yuko njiani, na roho sita zote ziko salama.

Kesho yake Malogo alikuja. Alitembea katika tope mpaka uani, mahali ambapo hakuwa amekanyaga kwa miaka ishirini, akasimama.

"Mbukwa," alisalimu.

Yoramu aliitikia, akamletea kigoda. Malogo hakukaa. Alieleza huku akitazama miguu yake. Mkewe aliona mawingu akachukua ungo apepete mbegu za uwele, kwa dakika chache tu. Samaki alikuwa amehangaika tangu asubuhi. Yeye mwenyewe alitoka kumfunga ndama. Aliporudi alikuta maji yamemwagika sakafuni na kuku wapo mlangoni. Alipekua nyumba nzima, akachakura hadi majivu ya jikoni.

"Nilitafuta hata ndevu moja nikuletee," alisema. "Sina cha kukuonyesha, shemeji."

Aliinua mikono yake, mitupu, viganja juu. Jikoni Anyesi aliacha kusonga ugali.

Ukweli ni kwamba Yoramu alikuwa na maneno ya siku kama hii. Alikuwa ameyatunga kwa miaka, mengine machungu, mengine ya kumaliza mtu kabisa, na mara nyingi aliyarudia peke yake akiwa njiani. Sasa aliyatafuta. Alichokiona ni mikono ile tu, naye aliijua, kwa sababu aliwahi kuinyoosha yake vivyo hivyo mbele ya mtu huyu huyu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu Yoramu aliujua uzito wake ratili kwa ratili. Akamkumbuka Kigutu akila vidoleni mwake, machozi yakamtoka, na hakuyaficha.

"Keti, shemeji," alisema. "Umesema amekufa. Basi amekufa."

Malogo aliketi. Anyesi alileta ugali na mlenda, wakala wote watatu kutoka chungu kimoja, na mazungumzo yalikuwa ya mvua na mbegu.

Bwana Henke alirudi siku nne baadaye. Malogo alikuwa amekwisha kufika Kizota tangu mapema. Alisema mlezi wa Kigutu alikuwa yeye, na kama kuna kiboko, kianzie mgongoni kwake. Yoramu alimwambia arudi nyumbani; hakurudi. Wakaenda pamoja, wamebeba vibuyu, na Mwajabu na Nikodemo nao wakawaletea samaki wao stesheni, wamenenepa.

Bwana alihesabu watano. Yoramu akamweleza yote kwa mfululizo: maji yalivyopungua, Fahali alivyouma wenzake, alivyowagawa nyumba kwa nyumba. Mwisho akasema kwamba wa sita amekufa katika ulezi wake, na mwili haukupatikana. Malogo akafungua mdomo ili ataje kuku. Yoramu akamgusa mkono.

Bwana Henke aliinama mbele ya sanduku.

"Mimi nilidhani nitakuta mmoja tu," alisema. Kisha akauliza ni yupi aliyekufa. Alipoambiwa ni yule aliyetibiwa kwa chumvi alitikisa kichwa, akasema ni hasara, akamwambia Yoramu atafute vigae vingine.

Shemeji hao wawili walirudi kwa miguu, mmoja nyuma ya mwingine, kwa sababu njia ilikuwa na madimbwi. Wakafika mahali njia inapogawanyika, ya Kizota huku na ya kwa Malogo kule. Hapo Malogo alisimama, akapangusa tope la miguuni kwa nyasi, kazi ambayo haikuwa na maana, maana mbele kulikuwa na tope zaidi.

"Nina mtamba mmoja mwekundu," alisema. "Mama yake ana maziwa mazuri. Kesho kutwa nitamleta kwako umlee."

Yoramu alitaka kusema ndiyo, lakini lililotoka lilikuwa jingine.

"Na akifa?"

Malogo alitazama njia aliyokuwa akiiendea, kisha akamgeukia.

"Akifa utakuja kuniambia," alisema. "Na safari hii nitakusikia."