Hotuba Niliyomsomea Mzee Walter

Ndugu zangu, wengi wenu mmeisikia hii habari vipande vipande pale kanisani, kila mtu na chumvi yake, basi afadhali mnisikie mwenyewe: ni kweli, nilisimama mbele ya watu kama arobaini, nimevaa suti, karatasi mkononi, nikatangaza kifo cha mtu aliyekuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu akila keki. Na sikuwa nimelewa. Mnajua mimi hata bia situmii.

Huyo mtu ni Mzee Walter Kinmuir, Mskoti, jirani yetu pale mtaani Rågsved, hapa Uswidi, anakaa ghorofa ya chini yetu na mke wake Birgitta, Mswidi. Macho yalipoanza kumsumbua akaacha kuendesha gari, na Imran, yule Mpakistani mwenyekiti wa timu yao ya kriketi, akaniomba niwe nampeleka uwanjani kila Jumamosi kwa sababu nilikuwa na ile Volvo yangu nyekundu (mnaikumbuka, ile ambayo mlango mmoja ulikuwa haufunguki). Nikakubali. Kriketi yenyewe sikuijua hata kidogo, sisi wa Uvira tumekulia mpira wa miguu, mimi niliona tu watu wazima wamevaa nyeupe kama wanaokwenda kubatizwa, mmoja anarusha kipira, mwingine anakipiga kwa ubao, halafu wote wanakwenda kunywa chai. Lakini miaka miwili nilimpeleka, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi, na njia nzima mzee anaongea. Anaongea Kiingereza cha kwao, kile kinachotoka puani na kooni kwa pamoja, na mimi niliyeokota Kiingereza changu kwenye kambi ya wakimbizi Uganda nilikuwa nashika neno moja kati ya manne, kwa hiyo nikajizoeza kusema "ehee" na "kumbe" pale anapovuta pumzi, huku kwaya yangu inaimba redioni kwa sauti ya chini. Yeye aliridhika. Mimi pia niliridhika.

Sasa mzee akawa anatimiza miaka sabini, timu wakaamua kumfanyia sherehe, na Imran akasema wewe Bahati ndiye unayemjua kuliko sisi wote, maana sisi tunamwona uwanjani tu, wewe unakaa naye kwenye gari, basi wewe ndiye utueleze maisha yake, kwa Kiswidi, ili hata ndugu za Birgitta waelewe. Hapo ndipo nilipaswa kusema hapana. Lakini mtu akikuambia unamjua fulani kuliko watu wote, kifua kinapanda kidogo, na mimi nikajibu, "Msijali, niachieni mimi."

Jioni hiyo nikamwambia mke wangu. Furaha akaniuliza, "Na unajua nini juu yake?"

"Alicheza kriketi kwao. Na alifanya kazi benki, nadhani."

"Weye, mzee anakaa hapa chini. Shuka ngazi umuulize."

"Nikimuuliza leo ataona miaka miwili sikuwa namsikiliza."

"Na ulikuwa unamsikiliza?"

Badala ya kushuka zile ngazi (kumi na sita, nimezihesabu baadaye) nikaenda maktaba, nikakaa kwenye kompyuta, nikaandika jina lake, na ukurasa wa kwanza kabisa ukaja: Walter Kinmuir, Mskoti, mchezaji wa kriketi wa ridhaa, yaani yule anayecheza bila kulipwa, mchana ni karani wa benki. Ndiye huyu! Nikasoma nusu, nikaona alichezea hadi timu ya taifa, nikajisemea kumbe mzee ni mtu mkubwa hivi, nikachapisha karatasi mbili, nikazikunja, nikaweka mfukoni. Miaka ya kuzaliwa na mengineyo ilikuwa pale juu kwenye mabano, na mimi ya kwenye mabano sina tabia ya kuyasoma.

Siku ya sherehe, Jumamosi mchana, kwenye kile kinyumba cha mbao kando ya uwanja, mimi peke yangu ndiye nilikuwa na suti, wengine wote nguo za michezo. Furaha alileta sufuria ya sambusa. Mzee amekaa mbele na kofia ya karatasi kichwani, Birgitta pembeni yake. Imran akagonga glasi, nikasimama, nikafungua karatasi, na kwa kuwa zilikuwa za Kiingereza na hotuba ni ya Kiswidi, nikawa natafsiri hapo hapo, jicho liko mstari huu, mdomo uko mstari wa juu yake.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Nikasema alizaliwa Uskoti, alifanya kazi benki, mzee akaitikia kwa kichwa, naam. Nikasema kila Jumamosi alikuwa uwanjani, akatabasamu. Nikasema aliichezea timu ya taifa mara kumi na moja, na mara moja akapata mikimbio, ndiyo pointi zao, zaidi ya mia bila kutolewa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Imran akasimama kabisa: "Walter! Mbona hukutuambia?" Mzee akaweka uma wake mezani. Mimi nikadhani ni unyenyekevu.

Nikaendelea. Nikasema mchezo wake ulikatizwa na vita vya dunia, akaenda jeshini, akajeruhiwa mguu. Hapa nikasimama kidogo, nikamwangalia kwa heshima, nikaongeza ya kwangu kutoka moyoni, "Kuna mambo mtu aliyepita vitani hayasemi. Hata mimi najua." Na nilikuwa namaanisha, ndugu zangu, niliona kama ghafla nimemwelewa yule mzee. Nikaona jamaa mmoja anahesabu kwa vidole, vita vile na miaka sabini, haviendani. Nikadhani anahesabu keki.

Nikageuza karatasi. Baada ya vita alimwoa Margaret, wakajaliwa mabinti watatu.

Birgitta akauliza, wala si kwa sauti kubwa, "Margaret gani?"

Mtu mwenye akili angekaa chini. Mimi nikaona dawa ni kusoma haraka nifike mwisho, na mwisho, kwa Kiswidi changu safi kuliko siku zote, ukasema hivi: "Alifariki hospitalini baada ya kuugua muda mfupi, akiwa na miaka sitini na moja, na amezikwa karibu na uwanja alioupenda."

Neno la kwanza lililosikika lilikuwa la Furaha, kwa Kiswahili, kutoka nyuma kwenye sambusa: "Bahati, weye, nyamaza!" Lakini karatasi ilikuwa imeisha.

Hakuna aliyecheka, ningeshukuru kama wangecheka. Mzee Walter akasimama polepole, akavua ile kofia ya karatasi, akasema kwa Kiswidi chake cha kuvunjika, "Huyo bwana namjua kwa sifa. Tuna jina moja, alicheza kabla yangu, na maisha yangu yote watu wananiuliza kama ni ndugu yangu. Si ndugu yangu. Mimi nilicheza miaka ishirini na mbili kwenye timu ya mji mdogo. Timu ya taifa waliniita mara moja, niwe wa akiba, nikashinda kutwa nzima nawabebea wenzangu maji. Uwanjani kucheza sikuingia." Akaikunja ile kofia. "Yalikuwa maji mengi," akasema, ndipo watu wakacheka kidogo, na Imran akaja kumkumbatia. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Hakuna aliyeniambia kaa.

Kurudi, mzee akakaa mbele kama kawaida, Birgitta na Furaha nyuma na sufuria. Karibu na Högdalen, mtaa wa jirani na wetu, Birgitta akauliza, "Na huyo Margaret, walisema alikuwa mzuri?" Furaha akabanwa na kicheko hadi akajifunika na mtandio. Mzee hakucheka. Akanigeukia, akaongea Kiingereza chake taratibu, neno moja moja, kama mtu anayemsomea mtoto, na kwa mara ya kwanza nikashika yote.

"Hadithi ya maji nimekusimulia mara nyingi, Bahati. Nadhani mara sita. Ulikuwa unasema ehee."

"Samahani, mzee."

"Ulipotaka kunijua ukaenda kuuliza kompyuta. Mimi nilikuwa hapa kwenye gari lako."

Tulipofika nikamfungulia mlango, nikamwambia ukweli wote, kwamba Kiingereza chake kinanishinda, kwamba niliona aibu kusema tangu siku ya kwanza, na siku zilivyozidi aibu nayo ikazidi. Akasema, "Mke wangu pia hakunielewa, miaka mitatu ya kwanza." Kisha akaingia ndani. Jumamosi iliyofuata alinisubiri pale pale, na akaongea polepole.

Tangu hapo nimeapa: mtu akiniambia jambo nisilolishika, namwambia sijashika, rudia, hata awe daktari, hata awe bosi, hata mara tatu. Inachosha watu, najua. Furaha analalamika kwamba siku hizi hata kununua samaki nachukua nusu saa. Wacha ichukue.