Fisi Aliyevaa Mkanda

Harufu ya ngozi mpya hunirudisha nyumbani upesi kuliko harufu ya chakula. Juzi nilikuwa Geita, nimekaa kwenye benchi la mama ntilie nikisubiri maharage, akapita kijana anayetembeza mikanda. Alikuwa ameitundika mabegani, shingoni na mikononi hadi akafanana na mti uliojaa nyoka. Upepo ukaniletea ile harufu nzito yenye mafuta kidogo, nikacheka peke yangu. Mama ntilie akaniuliza kama machimbo yamenichukua akili. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka fisi mmoja wa kwetu. Akanisogezea maharage bila kuuliza tena, kama mtu anayemhudumia mgonjwa.

Ninyi nitawaeleza. Mimi ni mtu wa kuhamahama. Shule niliiacha mapema, na sikuiacha kwa ujinga, ila dirisha la darasa letu lilitazama barabara, na kila gari lililopita nilitaka kujua linakwenda wapi. Tangu hapo nimewapikia wachimbaji kule Bugarama, nimeuza dagaa, nimelala katika vijiji ambavyo majina yake nimeyasahau. Lakini hii hamu ya kujua mambo ya watu niliipata kijijini, miaka ya tisini, siku walipokuja Dokta Anjela na dereva wake Shabani.

Kijiji chetu kilikuwa nje ya mji wa Shinyanga, upande ambako miti ilikuwa imekatwa ikaisha na vumbi likawa sehemu ya mboga. Watu wa serikali walikuwa wakisema ardhi yetu inageuka jangwa. Dokta Anjela alikuja kuchunguza wanyama waliobaki katika ukame ule, na kuona namna ya kuwalinda wasiishe: mbweha, nyegere, kakakuona, na zaidi ya wote fisi. Alikuwa mwanamke mrefu kutoka upande wa Kilimanjaro, anavaa suruali na kofia pana kama ungo. Siku ya kwanza alipojitambulisha kuwa ni dokta, akina mama walimletea watoto wenye kikohozi. Akasema yeye ni dokta wa wanyama. Kesho yake wakamletea mbuzi wenye kikohozi.

Alikuwa na chombo cha ajabu, kama antena ya televisheni iliyong'olewa kwenye paa, na siku za mwanzo alikuwa akikijaribu, anakishika juu na kuzunguka nacho polepole huku amevaa vitu masikioni. Sasa fikirini wenyewe. Miaka ile kila gari geni lililoingia kwetu lilikuwa linatafuta dhahabu. Nani angeamini kwamba mtu amesoma miaka yote ile, akapewa gari, aje kutafuta fisi? Kila mahali Dokta aliposimama na antena yake, vijana walifika kesho yake na majembe na sururu. Walichimba mashimo bonde zima. Walichopata ni mifupa, na mmoja alipata nyegere, ambaye alimkimbiza hadi kwa mama yake.

Kwa sababu hiyo Dokta na Shabani walianza kufanya kazi zao kimya, mbali na macho ya watu. Na ndiyo maana hatukujua kwamba kule kwenye ngitili, malisho yanayofungwa yaote nyasi kwa ajili ya kiangazi, walikuwa wamemrushia fisi mmoja sindano ya usingizi na kumvisha mkanda shingoni.

Wa kwanza kumwona alikuwa Jilala, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji chetu. Alikutana naye alfajiri kwenye njia ya kisimani. Yeye alisema walitazamana kiume. Wanawake waliokuwa wakichota maji walisema walimkuta juu ya mgunga, akiwa hana kiatu kimoja, akiomba wamsaidie kushuka. Vyovyote vile, maelezo yake yalikuwa kamili: fisi mkubwa, ana mkanda mpana wa ngozi, na chini ya koo lake inaning'inia hirizi nyeusi.

Lazima niwaeleze jambo hili kama hamkulelewa kwetu. Kwa wazee wetu, fisi hawakuwa wanyama wa porini tu. Walikuwa na wenyewe. Kila fisi ana mchawi kijijini anayemfuga na kumtuma, wengine walisema anampanda. Kila mbuzi akiliwa, swali la watu lilikuwa fisi huyu ni wa nani. Na sasa fisi amepita waziwazi na mkanda shingoni! Kazi ikawa moja tu: kutafuta nani amepoteza mkanda.

Na aliyepoteza mkanda alikuwa babu yangu.

Babu, Mzee Masanja, alikuwa na mkanda unaojulikana. Aliununua katika duka la Mhindi mmoja mjini mwaka ambao pamba ilikubali, mpana kama kiganja, una bizimu ya shaba. Aliuvaa juu ya shati ili watu wasipate taabu kuuona. Wiki ile suruali yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani. Bibi alipomuuliza, alisema anaupumzisha. Sikuwahi kusikia mkanda ukipumzishwa, lakini Bibi alikuwa na njia zake za kungoja.

Filimbi ya sungusungu ikalia mchana, watu wakakusanyika mbele ya ghala la pamba. Wanaume walikaa na pinde zao magotini. Nilijipenyeza hadi mbele kwa sababu hakuna aliyewahi kufaulu kunizuia kwenye mambo. Babu alikalishwa kwenye kigoda katikati. Nilijua kinachoweza kumpata: kutengwa. Aliyetengwa hapewi moto, hasalimiwi, hasagiwi unga mashineni, na akifiwa anazika mwenyewe. Anayemsemesha naye anatozwa faini. Nilianza kuwaza kama mjukuu anaruhusiwa kumsemesha babu yake wakiwa nyumba moja.

"Shikamoo baba," Jilala alianza, maana hata mshtakiwa akiwa mzee huamkiwa.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, mkanda wako uko wapi?"

"Upo."

"Upo wapi?"

"Pale ulipo."

Watu wakaguna. Jilala akajaribu upya, kwa upole. "Baba, fisi amevaa mkanda. Wewe huna mkanda. Unataka tufikirie nini?"

"Fikirieni kwamba fisi anapendeza kuliko mimi."

Vijana wakacheka, wazee hawakucheka. Nilikuwa karibu naye, nikamwona akiikaza upya ile kamba ya katani kiunoni mwake. Bibi akasimama kati ya wanawake, akamwita kwa jina la mwana wao. "Baba Luhende, sema! Sema mkanda uko wapi tukapike!" Babu akamtazama, kisha akainamisha kichwa chini kuliko alivyokiinamisha mbele ya kamanda. Mzee mmoja akasema basi, asiyetaka kusema asisemeshwe, na Jilala akaanza kusimama ili atoe uamuzi.

Hapo ndipo Landrova ya Dokta Anjela ilipoingia uwanjani na vumbi lake. Shabani alikuwa amekwenda kununua mayai, akaambiwa habari yote na muuza mayai, akarudi mbio kumwita.

"Mwangaluka!" Dokta akasalimia kwa Kisukuma, salamu ya asubuhi, wakati jua limeshapinda. Watu wakaitikia kwa adabu. Akavua kofia. "Jamani, mwacheni mzee. Ule mkanda nimeuvisha mimi. Na ile si hirizi, ni redio."

"Redio?" Jilala akauliza. "Inashika Dar es Salaam?"

"Haishiki. Inatoa tu."

"Inatoa taarifa?"

"Ndiyo, taarifa."

"Zetu?"

Uwanja ukachafuka. Mmoja akapiga kelele kwamba tunachunguzwa na fisi, mwingine akataka kujua kama taarifa zinafika kwa watu wa kodi. Dokta akaeleza kwamba redio inamwonyesha, kwa ile antena, mahali fisi alipo, basi, ili ajue anavyoishi katika nchi kavu kama hii. Kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuharibu. Shabani, aliyekuwa mtu wa Tanga na mwoga wa mishale, alikuwa akimvuta shati kwa nyuma.

Mwisho yule mzee aliyesema basi akanyoosha fimbo, wote wakanyamaza. "Mama, maneno ni mengi. Tujibu moja tu. Huyu fisi ana mwenyewe, au hana?"

"Sema hana, Dokta," Shabani akanong'ona, nami nikamsikia. "Sema ni wa serikali."

Dokta alimtazama babu kwenye kigoda, akatazama zile pinde, akalitazama bonde.

"Anaye," akasema. "Ni wangu."

"Huyu peke yake?"

"Wote. Fisi wote wa bonde hili ni wangu."

Walio karibu naye walirudi nyuma. Shabani akashika kichwa kwa mikono miwili. "Yallah, tumekwisha." Lakini Jilala, niaminini, alionekana mtu aliyetuliwa mzigo. Tangu aanze ukamanda hakuwahi kuona mwenye fisi anayekiri mwenyewe, mchana, bila kusumbua. Walinong'onezana, wakatoa hukumu: Dokta atoe ng'ombe dume kwa ajili ya mbuzi walioliwa, na awakataze fisi wake njia ya kisimani.

"Nitawaambia," Dokta alijibu, bila kucheka hata kidogo.

"Na wewe baba," Jilala akamgeukia babu, "utusamehe. Nenda nyumbani."

Babu akainuka, ameshika kamba yake, uso umerudi kuwa wa mtu. Hakuwa amefika mbali Mama Limi, mpika pombe wa ng'ambo ya korongo, alipotokea akikimbia, anahema, ameinua kitu juu ya kichwa.

"Jamani, msimwonee mzee wa watu! Mkanda wake huu hapa! Aliusahau kwangu, anapocheza si huwa anauvua akauzungusha hewani!"

Babu alikuwa ameapa kuacha pombe, kanisani, mbele ya Bibi.

Ng'ombe wa Dokta aliliwa siku ile ile, na tangu hapo mambo yakabadilika kwa namna ambayo yeye mwenyewe nadhani hakuitarajia. Waliokuwa wakiweka sumu kwenye mizoga waliacha. Fisi akipita, watu walisema, "Wa Dokta huyo, mwache apite." Hata alipoondoka na gari lake kwenda kwingine, nilisikia bado wanasema hivyo. Nilipokuwa mtoto niliona tumemshinda. Ilinichukua miaka, na kutembea kwingi, kutambua kwamba alikuwa ametusikia kuliko sisi tulivyomsikia yeye. Kwetu kitu kisicho na mwenyewe kinamalizwa, kiwe mti au mnyama. Alijitwika jina baya kwa sababu yeye alikuwa na gari la kuondokea. Babu hakuwa nalo. Na miaka ile, kwa neno kama lile, kuitwa mwenye fisi, kuna wazee waliopoteza zaidi ya salamu.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni njia ya kurudi nyumbani. Bibi alimgombeza babu kutoka ghalani hadi mlangoni. Alimwita mwongo, mlevi, mcheza ngoma asiye na haya, akaanza upya kila tulipovuka shamba la mtu. Nami nilishangaa sana, kwa sababu babu alikuwa akitembea mbele yake anatabasamu, na kila Bibi aliponyamaza ili kuvuta pumzi, alipunguza mwendo akamngojea aendelee. Nilidhani ni pombe bado iko kichwani. Sikujua, wakati ule, jinsi mtu aliyenusurika kutosemeshwa na yeyote anavyoweza kuifurahia sauti yoyote inayomsemesha, hata ikiwa ya kumgombeza.