Jani la Isale la Mwalimu Tatu

Juzi nilisimama kwa muuza maua wa kando ya barabara hapa Dar es Salaam, nikaona isale imepandwa kwenye kopo la rangi, majani yake marefu yamepanguswa vumbi mpaka yanang'aa. Kijana akaniambia, "Dada, hilo ni ua la ofisini, halisumbui, hata ukilisahau halinuni." Nikacheka mpaka akadhani namcheka yeye. Kwetu Kirua, kwa Wachaga wa mlimani, ukilishika jani la mmea ule mkononi ukaingia nalo uani kwa mtu, labda mbwa tu ndiye atakayethubutu kukubwekea.

Kwa wasio wa mlimani niseme kidogo. Isale ndiyo mpaka wa kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa ambalo nyumba imo ndani yake. Ndiyo hupandwa alipolazwa marehemu. Na ndiyo huombewa msamaha. Mtu akimkosea mwenzake kosa zito, hukata jani moja, hulifunga fundo, hulipeleka. Aliyekosewa anaweza kununa, anaweza kusema maneno yake yote aliyoyaweka, lakini mwisho lazima alipokee, maana akilikataa kosa linahamia kwake. Hayo sikufundishwa na mtu. Niliyajua kwa sababu jani hilo liliwahi kunirudisha darasani.

Ilikuwa miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka, watu wakaanza kung'oa mibuni kwa aibu aibu na kupanda nyanya. Baba alikuwa Arusha akijaribu bahati yake kwenye mitumba. Nyumbani tulibaki na mama, wadogo zangu wawili, na babu, mzazi wa baba. Babu alikuwa mzee wa mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji kutoka msituni na kuyapitisha kihamba kwa kihamba. Yeye ndiye aliyepanga zamu. Zamani kazi hiyo ilikuwa heshima tu, lakini nyanya zilipoingia maji yakawa dhahabu, na babu akawa mtu wa kuamkiwa na watu ambao mwaka uliotangulia walipita bila hata kikohozi.

Shuleni kwetu alikuwapo mwalimu kutoka Singida, jina lake Mwalimu Tatu. Mwanamke mfupi, mweusi, mwenye mwavuli mmoja uliovunjika ubavu ambao aliutembeza masika na kiangazi. Mwalimu huyu alikuwa na tabia ambayo hatukuwahi kuiona. Masomo yakiisha, walimu wengine walipokwenda kwenye biashara zao ndogondogo, yeye alikwenda majumbani kwa watu. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, kwa wenye nyumba za matofali na kwa wenye nyumba za udongo. Mwalimu mkuu alimtania hadharani, akasema wazazi ndio waje shuleni, shule haina miguu.

Siku ya kwanza alipotokea kwetu, mama alikuwa anamenya ndizi za mtori. Alimwona kwa mbali kupitia migomba, na kabla hata hajafika akanifinya sikio, malipo ya awali.

"Mae! Amefanya nini huyu, mwalimu?"

"Hajafanya kitu, mama. Nimekuja kuwasalimia."

Mama hakuamini. Alimpa kigoda, akaendelea kumenya huku akingoja kosa langu litajwe. Halikutajwa. Mwalimu Tatu akaomba kisu, akaanza naye kumenya, vibaya sana, akitupa nusu ya ndizi pamoja na ganda. Utomvu ukamganda vidoleni. Aliuliza ng'ombe anakamuliwa mara ngapi, na kama nikirudi huwa nimechoka. Alipoondoka mama alimtazama mpaka alipopotea, akasema, "Huyu ana lake jambo." Lakini mara ya pili alimwekea chai pembeni, na mara ya tatu alimpaka mafuta mikononi kabla hajashika ndizi, kama anavyofanyiwa mtu wa nyumbani. Sikio langu halikurudishiwa chochote.

Kwa ugeni wake alifanya madudu. Siku moja alinawa miguu kwenye mfongo, juu kabisa ya mahali tunapochota maji ya kunywa. Babu alimkuta. Sisi watoto tukajificha nyuma ya mgomba tusikose. Babu, ambaye kwa kosa hilo angemtoza mtu wa kwetu debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, alimwonyesha tu kwa fimbo mahali pa kunawia, akamwambia polepole kama anayemfundisha mtoto wa darasa la kwanza. Tangu siku hiyo walikuwa marafiki. Mwalimu alikuwa Mwislamu, hanywi mbege, kwa hiyo babu alikunywa zamu zote mbili na kusema mgeni huyu ni baraka.

Basi mwaka niliokuwa darasa la saba, kiangazi kilikuwa kikali. Shule nayo ilikuwa na shamba lake la nyanya, mradi wa kujitegemea, na nyanya zikaanza kunyauka. Asubuhi moja mwalimu mkuu aliwatuma wavulana wakubwa wakafungue maji yageukie shambani kwa shule. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Mama Anjela, mjane, ambaye miche yake ilikuwa na siku chache tu ardhini. Mpaka jua linafika utosini, mfongo kwake ulikuwa mkavu na miche imelala.

Babu alivaa koti lake la misa ya Jumapili, akaenda shuleni. Nilimwona kupitia dirisha la darasa. Mwalimu mkuu hakumkaribisha ndani. Alimwacha mlangoni, mbele ya wanafunzi waliokuwa wakifagia, akamwambia kwa sauti ya paredi, "Mzee, maji ni ya serikali na shule ni ya serikali. Sasa wewe unadai nini?" Babu alivaa kofia yake, akageuka.

Jioni alisema neno moja tu. "Kesho hakuna wa nyumba hii atakayekwenda kujifunza kwa wezi wa maji."

Mtihani wa darasa la saba ulikuwa karibu. Asiyefanya mtihani ule hakuwa na mlango mwingine wa kwenda sekondari, na mimi nilitaka sekondari kuliko nilivyotaka nguo ya Krismasi. Mama alimwomba babu kwa upole wa mkwe, akajibiwa kwa kikohozi. Wanasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Basi mimi ndiye niliyekuwa nyasi, na tena ndiye niliyepewa mundu nikakate majani ya ng'ombe. Nikiwa bondeni nilisikia rimu la gari likigongwa shuleni, la mstari, la mapumziko, la kwenda nyumbani. Nililia. Nilimwonea wivu hata aliyekuwa akichapwa viboko wakati ule.

Watu walijaribu. Katekista alikuja, akapewa mbege, wakazungumza habari za ndama mpaka akasahau kilichomleta. Wazee wenzake babu walikuja wakasema jambo ni dogo, mwalimu mkuu alete isale tu yaishe. Na hapo ndipo palipokwama. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa Masama, Mchaga kama sisi. Angekuwa mgeni angeweza kulichukua jani lile kama jani. Yeye alijua uzito wake, ndiyo sababu hakutaka kulishika. Babu naye alikuwa ameshasema mbele ya watu, na mtu wa umri wake akishasema mbele ya watu hana pa kurudia.

Alasiri moja mvua ndogo ilikuwa imepita. Babu alikuwa amekaa nje akinoa mundu wangu, mama kwenye kigoda chake na ndizi zake, mimi nikilundika majani mbele ya zizi. Inzi walikuwa wengi siku hiyo. Nikasikia mwavuli ukigonga mawe kwenye njia, nikamjua. Mwalimu Tatu alitokea kwenye migomba, mwavuli mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika jani la isale, akijipunga nalo inzi usoni.

Mama aliacha kumenya. Kisu kilibaki katikati ya ndizi. Niliona wazi, na ninyi mnaosoma mshike hili, jani lilikuwa limenyooka tu, halina fundo. Alilichuma mpakani, kama mtu anavyochuma chochote kilicho karibu.

"Shikamoo, babu."

Babu aliweka mundu chini, akasimama, akavua kofia. Sikuwahi kumwona akimvulia mwanamke kofia.

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Sikutumwa, babu. Nimekuja kumwona Manka. Nimemkosa darasani."

Babu akanyoosha mikono yote miwili. Mwalimu akaitazama, akashangaa kidogo, halafu, kwa adabu ya mtu aliyezoea kufuata ya wenyeji, akaacha kufukuza inzi na kumpa lile jani. Babu akalipokea. Akaingia nalo ndani, akakaa huko muda wa mtu kuvuta tumbaku, akatoka mikono mitupu.

"Kesho Manka atakuja," alisema. "Na wale wadogo. Mwambie mkubwa wako shule itapewa zamu yake Alhamisi jioni, baada ya Mama Anjela. Lakini anayekunywa mfongo huusafisha. Siku ya kusafisha nataka kuona majembe ya shule."

Mwalimu Tatu alikuwa amekuja na maneno mengi ya kubembeleza, nadhani aliyapanga njia nzima. Hakupata pa kuyatumia. Alikaa akamenya ndizi. Mama alimmiminia chai mpaka kikombe kikafurika, akasema, "Aika, mwalimu, aika. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwalimu akafikiri anashukuriwa kwa kumenya.

Nikarudi shule. Siku ya kusafisha mfongo majembe ya shule yalikuja, na mwalimu mkuu alikuja nayo, suruali imekunjwa mpaka magotini. Yeye na babu walichimba hatua chache mmoja kutoka kwa mwenzake asubuhi nzima bila kuambiana neno, na wakati wa kunywa mbege walitumia kata moja. Mtihani niliufanya, na sekondari nilikwenda.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kichekesho: jinsi mwalimu wa Singida alivyoomba msamaha kwa bahati mbaya, na mzee wa Kichaga akaingia mtegoni kwa mila yake mwenyewe. Bwenini nilikuwa nikikisimulia huku nimevaa kanga kichwani na kujipunga kwa kitabu cha jiografia. Wenzangu walicheka sana.

Babu alipofariki, tulikuja wote kumzika. Baada ya siku za matanga mama alinituma nipanguse masizi chumbani kwake. Juu ya mlango, kwenye boriti, niliona kitu kimechomekwa. Lilikuwa jani la isale, limekauka likawa rangi ya tumbaku. Nilimwita mama. Akaniambia liko pale tangu siku ile ya Mwalimu Tatu, na babu hakutaka liguswe hata nyumba ilipopakwa chokaa.

Nililishusha taratibu lisivunjike. Lilikuwa na fundo katikati, dogo, limekazwa vizuri, na fundo la namna hiyo hufungwa jani likiwa bichi.

Nilikaa kitandani kwake nikiwa nimelishika. Aliona, basi. Mtu aliyeishi kati ya masale miaka yote ile angekosaje kuona kwamba jani halina fundo na kwamba mwanamke yule anafukuza inzi tu? Kutoka katika shule nzima ni mmoja tu aliyeijua njia ya kuja kwetu, na alikuwa ameshaipita mara nyingi bila kuwa na shida yoyote, akala ndizi zetu na kukosea na kuelekezwa. Mkononi mwa mtu mwingine lile lingekuwa jani tu. Kwa huyu, babu aliingia ndani akalifunga fundo mwenyewe.