Diski Nne, Nafasi ya Mbili

Nilipoajiriwa Sumbawanga nikitokea Mbeya, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchagua diski. Ofisi ilikuwa ya muungano wa wakulima wa mahindi na ulezi, wenye matawi Matai na Mwimbi, na meneja alikuwa ameamua kwamba barua pepe zetu zikae kwenye seva yetu wenyewe, humu humu ofisini. Hakupenda barua za Wafipa, wenyeji wa hapa, zilale ugenini. Nilimuunga mkono. Mtu mwenye cheti kipya huunga mkono jambo lolote litakalomletea mashine mpya.

Niliomba diski nne, zifanye kazi mbili mbili kama pacha: kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa papo hapo kwenye mwenzake, ili moja ikifa, nyingine iendelee. Meneja aliniita.

"Mtaalamu, nimesoma karatasi yako. Tunanunua diski nne, tunapata nafasi ya mbili. Hizo mbili nyingine zinafanya nini?"

"Zinaandika kilekile, mzee."

"Kwa hiyo ni sawa na kuajiri makarani wawili waandike barua moja."

"Mmoja akiugua, mzee, kazi haisimami."

"Hapa karani akiugua, kazi inamsubiri apone."

Nilimweleza kwamba umeme wetu, kwa jinsi unavyokatika na kurudi, unaua diski kuliko uzee. Hilo alilielewa, kwani friji yake ilikuwa imekufa hivyo hivyo. Akasaini.

Dukani nikaleta shida nyingine. Diski zilizotoka kiwandani pamoja hupenda kufa pamoja, kwa hiyo nilitaka kila pacha awe na mwenzake wa toleo tofauti. Nikawa nazigeuza moja moja, nikisoma namba zake mgongoni. Mwenye duka akanitazama hadi akachoka.

"Mshikaji," akasema, "unanunua diski au unachunguza ukoo wa mchumba?"

Nilifunga seva kwenye chumba kidogo karibu na stoo ya magunia, nikaipanga nilivyotaka, nikangoja sifa. Mwaka ukapita. Asubuhi moja ya Julai, baridi ya hapa ikiwa imetufungia wote ndani ya makoti, nikakuta taa nyekundu: diski moja imekufa. Nikaichomoa, nikachomeka mpya, watu wakiendelea kusoma barua zao. Hakuna aliyejua. Nilipita kila meza nikiuliza kama kuna aliyeona tatizo. Hakuna. Mwishowe nikaenda mwenyewe kwa meneja.

"Mzee, leo diski imekufa."

"Barua zimepotea?"

"Hapana, hata moja."

"Sasa unanipa taarifa ya nini?"

Nadhani ni siku hiyo nilipoanza kuzipenda zile diski kupita kiasi. Kuweka nakala ya akiba mahali pengine, jambo nililolijua tangu chuoni, nikawa naliahirisha kila wiki. Ya nini, na pacha wangu wako kazini?

Mvua zilipoanza niliamua kusafisha seva, nifute masanduku ya barua ya watu walioacha kazi. Ilikuwa saa nne, wenzangu wako kwenye chai. Niliandika amri ya kufuta, nikakosea neno moja, nikabonyeza. Badala ya sanduku la karani aliyehamia Mpanda, nikafuta sanduku la mauzo: barua zote za wanunuzi wa msimu mzima. Nikakimbilia pacha wa pili. Naye alikuwa ametii kwa uaminifu uleule, kwa sekunde ileile. Diski pacha hulinda barua dhidi ya kifo cha diski. Dhidi ya mjinga aliyekaa kwenye kibodi hazina dawa.

Nilikaa pale mpaka chai ikaisha. Kisha nikaenda kusema.

"Na zile diski nne?" meneja akauliza.

"Zote nzima, mzee. Ila barua za mauzo hazimo."

Hakunifokea. Alivua miwani akaifuta muda mrefu, na mimi nikaona afadhali angefoka. Kisha akaagiza aitwe mama wa masjala.

Huyu mama alikuwa ametunza mafaili ya ofisi tangu enzi za taipu. Mimi ndiye niliyemwandikia waraka aache kuchapa barua pepe kwenye karatasi, na aliacha kweli. Aliingia na madaftari mawili makubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ulikataza kuchapa. Kuandika hukukataza."

Kila barua ya mauzo aliifupisha kwa kalamu: nani kaandika, lini, kaahidi nini, tumemjibu nini. Kwa siku nne yeye alisoma, mimi nikawaandikia wanunuzi kuomba waturudishie nakala. Wengi walirudisha. Mmoja, aliyeahidi kupeleka magunia Mwimbi kabla ya mavuno, alijibu kwamba hakumbuki ahadi hiyo. Mama akanitajia tarehe, nami nikamwandikia. Akakumbuka.

Baada ya hapo nilinunua diski ya tano, ndogo, ya kubebeka, nikapanga kila mwezi kupeleka nakala Matai, ikae kwenye kabati la tawi. Nakala ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu, kwa hiyo baada ya kupeleka ya kwanza nilikwenda kuijaribu. Mkuu wa tawi akakataa kufungua kabati bila barua ya meneja.

"Imetumwa jana kwa barua pepe," nikamwambia.

"Mtandao haupo tangu Jumatatu."

Nikarudi Sumbawanga, nikaja kesho yake na karatasi yenye muhuri. Aliisoma mara mbili. Kisha akaitoa diski, ameivika foronya mpya ya mto, akaiweka mezani kama anayelaza mtoto. Hasira yangu ya njiani ikaisha. Huyu alikuwa mwangalifu kuliko mimi.

Nikaiunganisha. Barua zikatokea zote.

"Fungua moja tusome," akasema, "nijue ninatunza nini."

Nikafungua iliyokuwa juu kabisa. Ilikuwa tangazo la mtu tusiyemjua, anauza viatu vya kike. Tukaisoma mpaka mwisho.