Karafuu kwenye Ramani

Harufu ya karafuu zilizoanikwa juani bado inanisimamisha njiani, kisha naanza kujiuliza kama kuna simu ambayo sijaipokea.

Mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha uhamaji wa watu kwa taarifa ya habari. Kila mwanafunzi alikuwa amebandika karafuu kwenye ramani ya ukutani, pale alipo jamaa yake wa mbali. Asubuhi ile redio ilisema bandari moja ya Arabuni imepigwa mabomu.

"Watu hufuata nini kwenye mji kama huu?" mwalimu akauliza.

Nikanyoosha mkono kwa furaha. "Kazi za nyumbani, mwalimu. Mama yangu yuko hapo hapo."

"Atuletee halua basi!" mmoja akadakia, darasa zima likacheka.

Mwalimu hakucheka. Alizima redio, akanichukulia mkoba, akanisindikiza hadi kwetu.

Bibi alituona tangu tuko mbali. "Kafanya nini huyu?"

"Hajafanya kitu, Bi mkubwa. Nambari ya mama yake mnayo?"

Bibi akafungua kifundo cha kanga, akatoa simu. Iliita muda mrefu, kisha ikapokewa na mwanamume aliyesema Kiarabu. Bibi akanitia simu mkononi.

"Sikiliza wewe. Si umekhitimu msahafu?"

Niliweza kuusoma msahafu wote bila kukosea, lakini Kiarabu cha kuzungumza sikukijua hata kidogo. Yule bwana alisema polepole, kwa upole, kisha akarudia. Bibi alinikazia macho usoni, akingoja nimwambie.