Besi ya Ernestine Imegonga Sakafu

Saa tatu asubuhi, Ernestine Pickett anamwosha nywele rafiki yake Arletha Bynum katika saluni yake, Filadelfia ya Kaskazini. Vidole vinatembea polepole ndani ya povu, na kooni mwake kuna mvumo mdogo. Anatafuta noti ya chini ya wimbo. Anashuka, anashuka tena, kisha inatoka pumzi tupu.

"Unanguruma nini huko juu, shoga?" Arletha anauliza, macho ameyafumba.

"Nakuosha kichwa. Tulia."

Ernestine ana miaka sabini na tisa. Bado anatengeneza nywele siku tatu kwa wiki, "maana mikono ikikaa tu, inajifunza kuuma." Lakini watu wazima wa mtaa huu wanamjua zaidi kama besi, yaani mwimbaji wa sauti ya chini kabisa, wa kundi la Velmarettes, wasichana wa kwanza kutoka hapa kusikika redioni nchi nzima, mwaka 1962. Arletha aliimba sauti ya kwanza, Claudine Mobley ya pili, na Ernestine akakaa chini yao wote wawili.

Mwaka uliofuata walizunguka miji arobaini na mmoja kwa basi. Kusini mwa nchi hoteli hazikuwapokea watu weusi, kwa hiyo walilala kwa akina mama wa makanisa.

"Kule Macon yupo mama alituachia kitanda chake, yeye akalala kitini," Ernestine anakumbuka. "Tulipoamka, gauni zetu zote tatu zilikuwa zimepigwa pasi, na uji wa mahindi uko mezani, na siagi juu. Hakutaka hata asante."

Huenda upole wa aina hiyo ndio waliojifunza, kwa sababu sauti ya Arletha ilipoanza kukwaruza kule juu, miaka thelathini iliyopita, hakuna aliyemwambia. Mpiga kinanda wao, Roosevelt Tate, aliushusha kidogo wimbo wao wa redioni ili Arletha asilazimike kupanda sana, bila kumwambia. Baada ya miaka michache akaushusha tena. Arletha akaendelea kujisifu kwa kila mtu: "Mimi naimba palepale nilipoimba nikiwa na miaka kumi na saba!"

Tatizo ni kwamba wimbo ukishuka, besi nayo hushuka. Jumamosi hii wanaimba mbele ya watu mia tatu katika ukumbi wa kanisa lao, na Roosevelt amesema lazima ushuke tena. Ernestine hana pa kushukia.

"Nikimwambia, nitamvunja moyo," ananinong'oneza mimi mwandishi huku akisuuza taulo. "Nisipomwambia, wimbo utakuwa nyumba isiyo na msingi."

Saa tano Roosevelt anaingia na kinanda chake na kukiweka katikati ya mashine za kukaushia nywele. Claudine amefika na keki ya viazi vitamu. Wanaanza. Wanafika kwenye ile noti ya chini, Ernestine anafungua kinywa, na hakuna kitu. Wimbo unakatika.

Arletha, taulo kichwani, anageuka taratibu.

"Roosevelt. Umeushusha tena?"

"Tena, dada?" Roosevelt anavitazama vidole vyake.

"Usinifanye mtoto. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye harusi ya binti yako. Mlidhani sina masikio? Ninyi mlinificha kwa upole, na mimi nikawaficha kwamba najua, maana nilikuwa naipenda ile raha ya kudekezwa. Sasa nani kaumia? Huyu hapa, hasemi hata neno!"

Ernestine anainamisha kichwa. Arletha anamshika mkono, anavuta pumzi, na kuiimba ile noti ya chini mwenyewe. Inatoka nene, imara, hadi chupa za shampuu zinatetemeka kwenye rafu.

"Yesu wangu!" Claudine anaruka. "Hiyo imetoka wapi?"

"Sigara za miaka thelathini, mwenzangu. Na daktari aliniambia hazitanifaa kitu! Ernestine, njoo mbele."

"Mimi? Sijawahi."

"Maneno unayajua?"

"Nimeyasikia nyuma ya mgongo wako miaka sitini na zaidi."

"Basi mgongo umekufundisha. Imba."

Anaimba. Sauti yake ni pana na haina haraka, kama mtu anayejua mlango wa kwao uko wapi. Claudine anasahau zamu yake kwa kusikiliza. Arletha, huku akiishikilia besi, anajifuta macho kwa taulo.

"Unalia?" Claudine anamchokoza wimbo ulipokwisha.

"Shampuu, bibi. Nyamaza."

Jumamosi Ernestine atasimama mbele kwa mara ya kwanza, na baadaye wanataka kuurekodi upya wimbo wao wa 1962, sauti zikiwa zimebadilishana. Anasema anatamani watu wa viti vya nyuma kabisa wamsikie, hata kipaza sauti kikizimika.

Anajifunga vizuri aproni yake, anamgeukia mpiga kinanda.

"Hapo niliimba kwa adabu tu, Roosevelt. Sasa upandishe kidogo."