Miti ya Intatemwa

Athumani, mchonga mitumbwi wa Rumonge, alikuwa na mtoto mmoja tu, Sharifa, wa miaka minane, na mtoto huyo alikuwa akilala. Si usingizi wa kawaida, la! Tonge mdomoni, tayari kalala. Malale yalikuwa yameshaingia pwani yote ya ziwa. Wadachi waliotawala nchi walisema yanaletwa na mbung'o, na mbung'o wanakaa vichakani.

Kando ya kitongoji chao palikuwa na kipande cha miti na vichaka ambacho Warundi walikiita intatemwa, yaani pasipokatwa. Tangu enzi za mababu, hata kuni hazikuokotwa humo. Amri ya Wadachi ya kufyeka ilipotoka, watu walifyeka na kuchoma ufuko mzima, na walipofika hapo wakaweka mapanga chini. Hata Waislamu wenzake Athumani, wanaojidai hawaogopi mizimu, siku hiyo kila mmoja alikumbuka ana shughuli nyumbani!

Mfa maji haachi kutapatapa. Athumani aliingia peke yake.

"Acha, baba Sharifa," mkewe Asiya alilia. "Hii pori iko na wenyewe."

"Na Sharifa iko na mwenyewe. Ni mie."

Alikata siku tisa, viganja vikachubuka hadi damu. Jioni alimwinua mtoto na kumwambia, "Mwanangu, kumebaki kidogo tu." Sharifa alifungua macho, akayafumba tena.

Siku ya kumi, vichaka vyote vikiwa chini, Sharifa alikufa.

Watu walikuja, maana maiti haisusiwi. Kaburi likachimbwa, ikatakiwa miti ya kumfunika mtoto ili udongo usimwangukie. Lakini pwani nzima haikuwa na mti uliobaki, ila ile ya intatemwa.

"Ile hatugusi, shemeji," alisema Abasi, kaka yake Asiya. "Ile ndiyo imemuua."

Maneno gani hayo ya kumwambia mzazi kaburini! Kilichomuumiza Athumani zaidi ni kwamba hata yeye alikuwa ameanza kuamini hivyo.

Akaenda, akaibeba miti begani, akashuka kaburini na kuipanga mwenyewe. Mmoja ulikuwa mrefu. Aliomba panga, watu wakainamisha vichwa, hakuna aliyempa. Akauvunja kwa goti, huku akimwomba Sharifa radhi.